Antena ya Shemeji

Alhamisi, baada ya alasiri.

Nimewaficha watu wote kwamba mimi, mwalimu mstaafu nisiyefika msikitini bila kushikwa mkono, hushusha filamu za kupigana kwenye mtandao na kuwagawia watu nisiowajua.

Leo amekuja shehe, mume wa dada yangu, anayekaa nyumba ya pili. Kampuni ya mtandao imemwonya kwamba filamu za wizi zinapita kwenye antena yake. Zikipita tena, wanamkatia.

"Shemeji, mimi na filme za kupigana, wapi na wapi? Ni dada yako tu. Nimemunyang'anya simu."

"Dada yangu huyu asiyejua hata kuzima simu?"

"Njo vile wanajificha!"

Nilicheka mpaka kifua kikauma. Kisha nikakumbuka kwamba bila simu ile dada hasikii sauti za wanawe walioko Salamabila.

Kwenye kompyuta yangu niliweka programu ya kuzuia adrese za mtandao za wapelelezi wa wenye filamu, nikajiona nimejificha. Kumbe inawafungia mlango wale tu walio kwenye orodha yake. Mpelelezi asiyeandikwa humo anaingia kama mgeni yeyote, na kila ninayemgawia filamu anaiona adrese inakotoka. Hilo nimelijua mwaka mzima, na sikuacha.

Sitaki kufa dada yangu akiitwa mwizi. Kesho nitawaita wote wawili, na nitamweleza shehe kwa nini nilimwomba neno la siri la antena yake wakati nina yangu. Nilitaka adrese itakayoonekana iwe ya kwake.