Hoja Iliyosomwa Ukutani

Tabora,
Jumatatu jioni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti la Baba linaendeleaje na baridi hii ya asubuhi? Na yule ndama mwekundu, ameanza kula majani au bado anamsumbua mama yake? Mimi mzima kabisa, ila nimekuwa gumzo la mji. Najua unasubiri jibu langu kuhusu yule bwana wa Igunga mwenye mashine ya kusaga aliyeleta posa, na kwamba Baba amesema mwisho ni Jumapili. Jibu limo humu humu, nivumilie tu.

Nilikueleza kwamba chama chetu cha wafuga nyuki kimepata kompyuta na projekta, ili wanachama wauone muhtasari ukutani unavyoandikwa, wasinisingizie tena kwamba napunguza maneno yao. Sasa kompyuta ile ina madirisha mawili: moja la ukutani linalosomwa na ukumbi mzima, jingine dogo linalobaki kwangu. Kibodi ni moja. Fundi aliyetuwekea kompyuta alinifundisha kwamba dirisha likitaka kuandikiwa huifungua kibodi, na lisipoifunga likimaliza, lile jingine haliambulii kitu. Ni kama mwiko, Mama: hata mkiwa wapishi wawili, wa pili anasubiri mpaka wa kwanza auweke chini. Kuna kitufe cha kufungua na kitufe cha kufunga. Cha kufungua sijawahi kukisahau.

Jumamosi tulikuwa na mkutano mkuu. Mwenyekiti wetu, Mzee Lugembe, akaanza kulinganisha mizinga ya magome na mizinga ya kisasa, hotuba ambayo hutoa kila mwaka na mimi nimeshaikariri. Nikaona nichati kidogo na mdogo wangu Julieth. Nikainamisha kichwa, maana unajua mimi huandika nikitazama vidole, nikaanza kumpa habari za Zablon.

Zablon sijawahi kukutajia. Ni mfuga nyuki wa Goweko, mpole kupita kiasi. Tangu mwaka juzi kila akija ofisini ananiletea chupa ya asali, anaiweka mezani, anauliza kama huku mvua imenyesha, anaondoka. Nampenda, Mama. Lakini mtu haolewi na chupa, na huyo wa Igunga yeye angalau amefungua mdomo.

Basi nikaandika: "Zablon kavaa shati jipya, kakaa mstari wa mbele, kimya vilevile. Nimechoka na asali. Nataka mume."

Mzee Lugembe akakatiza hotuba, akavaa miwani, akayasoma ya ukutani neno kwa neno, kwa sauti. Kwake yeye kilichoingia kwenye muhtasari ni hoja, kwa hiyo akauliza kama kuna anayeiunga mkono. Mama Shamimu, mweka hazina, akasimama na kusema anaiunga mkono kwa asilimia mia. Mzee mmoja wa Tura akapinga vikali, eti chama cha asali hakiwezi kuandika kwamba kimechoka na asali, wanunuzi wakisikia itakuwaje. Wakabishana weee, mwisho hoja ikafanyiwa marekebisho: maneno ya asali yafutwe, ya mume yabaki. Muda wote huo mimi nimejifunika uso kwa mtandio. Ndipo mwenyekiti akampa Zablon nafasi ya kujibu, tena kwa ufupi.

Zablon akasimama, lile shati jipya limelowa jasho.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi nilidhani asali ilikuwa inasema." Kisha akanigeukia. "Gaudensia, nataka kuja kwenu Nzega na wazee wangu. Nije?"

Mwenyekiti akanikumbusha kwamba hata katibu ana haki ya kuchangia. Nikasema aje. Hoja ikapita bila kupingwa, na mzee wa Tura akanyoosha mikono yote miwili.

Kwa hiyo Mama, wageni wa Goweko watafika kwenu Jumamosi. Mwambie Baba taratibu, akiwa ameshakula. Bwana wa Igunga naomba ajibiwe kwa heshima, sina neno baya juu yake.

Sasa hili la mwisho ni lako peke yako. Mji mzima unanionea huruma kwamba mashine iliniaibisha, na fundi wa watu amekuja kuniomba radhi. Namtazama tu, ukweli simwambii. Nilipomaliza kuandika habari ya shati na ya ukimya wake, nilisikia mtu akikohoa, nikainua macho, nikayakuta maneno yangu yako ukutani. Zablon alikuwa akilisoma jina lake, midomo inamcheza. Kitufe cha kufunga kilikuwa chini ya kidole changu kabisa. Nikainama tena. Sentensi ya kwanza nilimwandikia Julieth, Mama. Zile mbili nilimwandikia Zablon.

Mpe Baba pole ya goti, na Julieth mwambie nitampigia. Mungu awatunze mpaka tuonane.

Mwanao akupendaye,
Gaudensia
(Katibu)