Ng'ombe wa Bibi Yako

Mjukuu wangu Odilia,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Pito mahindi yamestawi, ila nyumba imepoa tangu tumzike bibi yako.

Unasema kompyuta inakwama ikichora ng'ombe wengi wa mchezo unaoutengeneza. Hata mimi, fundi rangi niliyetikisa Majengo nzima, nilikwama kwenye ukuta wa bucha, nikichora kundi la ng'ombe, nikimaliza mmoja mmoja na kuosha brashi kila nikibadili rangi. Bibi yako akacheka.

"Fundi, utazeeka hapo. Kata umbo moja la ng'ombe kwenye boksi, paka weupe wa wote, ndipo ushike nyeusi."

Akalikata mwenyewe, pembe moja ikapinda.

Ukuta ule wameupaka upya. Boksi ninalo, nakutumia picha yake. Kompyuta ichukue umbo hilo moja, ilirudie kwa kundi zima. Ukija likizo, nionyeshe ng'ombe wa bibi yako wakitembea.

Babu yako, fundi wa mafundi