Ulianza na Nyumba ya Wageni

Mpendwa Baba Kemunto,

Nakuandikia nikiwa ndani ya ile nyumba yako ya vioo, hapa juu Manga. Wageni wa wikendi hii wameogopa mvua wakaahirisha, kwa hivyo kitanda chao leo ni changu. Ukungu umepanda kutoka kwenye mashamba ya chai ukafunika pande zote, ila chini kule umeacha mwanya, na kwenye mwanya huo nakuona. Yaani naona kaburi lako, na kile kibanda cha mabati walichokujengea.

Nina hasira na wewe. Heri nianze hapo, maana hukupenda mtu wa kuzungusha maneno.

Unakumbuka tulivyobishana? Tulikuwa tunapanga chumba kimoja nyuma ya duka letu la vifaa vya ujenzi, Suneka, Kemunto akilala kati ya mikebe ya rangi. Shamba alilokugawia baba yako huku Manga lilikuwa na migomba tu. Wewe ukataka nyumba ya wageni ya vioo; mimi nikakwambia tujenge kwanza vyumba viwili vya matofali, vyetu, hata kama hatutahamia leo. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: bei ya vioo peke yake ingesimamisha kuta za nyumba nzima, na milango juu. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukacheka.

"Mama Kemunto, hesabu unaijua, lakini hesabu yako haizai. Watu wa Nairobi watalipa kulala wakiangalia mawingu. Hao ndio watatujengea."

Mimi niliyeanza kwa kuuza ndizi kando ya barabara Mosocho, niambiwe sijui kitu kinachozaa! Hapo ndipo uliponipata. Nikatoa akiba ya duka.

Sikatai, ilikuwa na raha yake. Lori lilikwama chini, vioo vikapandishwa mlima kwa miguu, kila kimoja watu wanne, kimefungwa blanketi kama mgonjwa. Ulitangulia ukienda kinyumenyume, "Polepole jamani, hii si mbao!" mpaka ukatumbukia mtaroni wewe mwenyewe, na kioo kikapita salama. Ng'ombe wa jirani akaja kulamba ukuta akidhani amepata mwenzake. Mama yako akaizunguka nyumba yote, kisha akauliza, "Sasa mtu akitaka kubadilisha nguo, anaenda kwa nani?" Ulicheka hadi ukakaa kwenye nyasi. Tulipolala humu mara ya kwanza, kujaribu, mvua ilipiga paa na taa za Kisii zikawa zinametameta huko mbali. Ukaninong'oneza, "Tumelala nje na hatujalowa." Nikakushika mkono. Siku hiyo hata mimi nilisahau matofali.

Kisha kifua kikakubana, tukaenda hospitali, na hukurudi.

Yaliyofuata hukuyasikia, acha nikwambie. Unajua kwetu mwanamume hazikwi bila nyumba. Lazima mwili ulale kwake kwanza, na kaburi lichimbwe mkono wa kulia wa mlango wake. Nikasema nyumba ipo, ile pale, ameijenga mwenyewe. Kaka yako mkubwa akanitazama mbele ya wazee.

"Mama Kemunto, ile ni ya kukodisha. Ndugu yangu aliwahi kula ugali pale? Jiko liko wapi? Mtu halazwi kwenye kioo kama mkate wa dukani."

Watu wakacheka. Matangani, wakacheka. Na ni kweli hatukuwahi kupika humu. Tuliogopa moshi usije ukachafua vioo vya wageni.

Ilikuwa Ijumaa, na mazishi yalikuwa lazima yaishe kabla ya Sabato kuingia jua likizama. Basi asubuhi wakachimba mashimo ya nguzo, na kufika alasiri ulikuwa na nyumba: mlango mmoja, bila dirisha. Mabati yalitoka dukani kwangu, yale membamba ninayowauzia watu wa kujenga vibanda vya kuku. Nilisimama nikiyatazama yakipigiliwa moja moja. Jeneza lako likalazwa juu ya udongo mbichi, na hapa juu kitanda chenye shuka nyeupe kikalala bila mtu.

Sasa kaka yako anasema kibanda kile ndicho nyumba yangu, maana mjane hukaa katika nyumba ambayo mumewe amezikwa mlangoni pake. Nisipokaa, eti nimeondoka mwenyewe, na shamba litarudi kwa ukoo pamoja na vioo vyake. "Chagua, shemeji. Huwezi kuwa mama wa hoteli na bado uwe mke wa ndugu yangu."

Wageni nao wana lao. Msichana mmoja wa Nairobi, mpole kabisa, aliniita kando. "Mathee, samahani, hiyo kaburi... si mnaweza kuweka kitu mbele yake?" Nikamwambia hilo ni la mwenye nyumba. Akarudi kwa wenzake. Wakaondoka kabla ya chai. Basi nilishona pazia, futi kumi na mbili, likaziba upande wako wote. Wageni wakija nalifunga kwa mkono wangu. Kila mara nakuomba samahani, kisha nakutukana kidogo.

Lakini pazia hilo limerudisha wageni, na wageni wameleta matofali. Jana nilishuka na fundi na kamba. Akaniuliza tuanze kupima kutoka wapi, barabarani au mpakani. Nikamwambia tuanzie kaburini. Tukafunga kamba kwenye msalaba wako, tukaivuta mpaka mlango ukaangukia mahali ambapo wewe uko mkono wake wa kulia. Ni nyumba ya kuishi, itachukua mahali pa kibanda, ina jiko la kuni, na moshi utoke upendavyo. Kaka yako alikuja akasimama kwenye migomba, akaifuata kamba kwa macho mpaka msalabani. Mwishowe akasema tu, "Fundi, hiyo kona iko sawa?" Akaenda zake. Ameelewa kwamba siondoki.

Mke huzikwa kushoto kwa mlango, na huko nimeacha nafasi, futi nane. Usiniharakishe. Bado kuna paa, kuna karo ya Kemunto, na bado sijamaliza kukukasirikia.

Pumzika hapo, tutasemezana mvua ikikatika.

Mkeo, mwenye nyumba,
Mama Kemunto