Mama, Ile Jeli Imevimba

Mama yangu,

Nakukumbuka kule kijijini Kasense, msimu ule wa kuvuna ulezi, umekaa nje ya jiko unanificha mikono. Vidole vilikuwa vinakuuma kwa kutobolewa kila ulipopima sukari. Nilikusihi upime, ukanijibu, "Vidole hivi ni vya kuvunia, mwanangu. Nikivitoboa kila siku, kisu nitakishika na nini?" Ukaacha kupima. Mavuno hayajaisha, ukaanguka shambani. Tulikufikisha hospitali mjini Sumbawanga ukiwa huongei tena.

Siku ya kuanua matanga, Baba Mdogo alinikalisha mbele ya ukoo.

"Chuo basi. Rudi ulime, uolewe. Hiyo jeli unayochezea itamfufua mama yako?"

"Haitamfufua, Baba Mdogo. Lakini kesho naondoka."

Shangazi akanong'ona kwa Kifipa kwamba sina adabu. Asubuhi yake niliwaamkia wote shikamoo, nikapanda basi.

Ulikuwa ukiniuliza kwenye simu kazi yangu ni nini hasa, nami najikanyaga. Leo sikiliza. Ni jeli inayovimba sukari ikipanda na kusinyaa ikishuka. Ikiwa bonge, huchelewa kuvimba. Kwa hiyo naipaka juu ya kioo, naifunika kwa kiolezo chenye matundu madogo mno, namulika. Palipopata mwanga huganda, pasipopata naosha. Vinabaki vidoti ambavyo jicho tupu halivioni, vyepesi kuitikia. Nataka siku moja vikae chini ya ngozi ya mtu, vipime sukari bila kumtoboa kila mara.

Vilibanduka, mama. Kila vilipovimba vilibanduka kwenye kioo. Mwalimu wangu akanishauri nichague kazi nyingine, nimalize shahada kwa amani. Nikakataa. Nikabadilisha namna ya kuandaa kioo, vikabanduka. Nikabadilisha tena.

Juzi vilivimba, vikasinyaa, vikavimba tena, vikang'ang'ania palepale. Nilipiga kelele maabara nzima ikageuka. Mwalimu aliinama kwenye hadubini.

"Bado si kipimo," akasema.

"Najua. Ndiyo maana siachi."

Baba Mdogo bado anapiga simu kuuliza narudi lini. Namwambia nitakuja Krismasi, nitapalilia naye mahindi, kisha nitaondoka tena. Akasirike. Nimekulilia vya kutosha nikiwa nimekaa. Sasa nakulilia nikiwa kazini, na hakuna wa kuniondoa hapa.

Lala, mama. Mimi bado niko macho.

Kitindamimba wako