Mimi Si Friza

Ijumaa, 22 Mei

Nesi Losa amepiga simu kutoka hospitali, mjini Dunedin. Mpole kama kawaida, lakini leo hakuzunguka. Majira ya baridi ya mwaka jana umeme ulikatika siku tatu, na mimi kwa figo hizi siwezi kukaa siku tatu bila mashine yangu ya kusafisha damu. Kwa hiyo: ama nyumba iwe na umeme wa akiba kabla ya katikati ya Juni, aje auone kwa macho yake, ama nihamie mjini, chumba karibu na hospitali, mpaka Septemba. Miezi mitatu kutazama ukuta wa watu! Nimezaliwa huku Maniototo, mashambani, na hapa hapa nabaki.

Nikamwambia Ewen tununue jenereta kubwa, yaishe. Mume wangu akanitazama kana kwamba nimemtukana. Kununua? Ataunda mwenyewe. Tayari ana penseli nyuma ya sikio.

Jumatano, 27 Mei

Betri kuukuu za foklifti, zile gari za kuinulia mizigo, zimejaa chumba changu cha kufulia. Nane. Kila moja nzito kama kondoo dume. Nguo nafulia wapi? Hakuna aliyeniuliza.

Wakati wa chakula amenisomea hesabu yake: mashine, taa mbili, friza, redio ya kusikilizia raga. Redio! Nikamuuliza, na pampu ya kisima je? Mashine inakunywa zaidi ya lita mia kila ninapokaa, na maji hayapandi kilima yenyewe. Akaacha kutafuna. Akavaa koti, akaenda bandani, akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Jumapili, 7 Juni

Sasa kuna jenereta pia, ya kuendeshea pampu — kuukuu, Colin wa shamba la chini alikuwa akiitumia kunyolea kondoo. Kelele zake zinatikisa vikombe. Na Colin naye haondoki. Wanaume wawili kwenye meza yangu, wananijadili. Anakula wati ngapi huyu? Akianza, anavuta zaidi? Tukizima friza saa zake, atatosheka? Nami nimekaa hapo hapo, namenya viazi!

"Ewen," nikasema, "mimi si friza."

Colin akatafuta kofia yake.

"Najua, mke wangu," Ewen akasema. "Friza hainuni."

Nilicheka. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumanne, 16 Juni

Siku ya ukaguzi. Losa ameendesha gari tangu alfajiri. Mashine ilijaribiwa na maji tu, mimi sikuunganishwa. Kwenye mlango wa friji Ewen alikuwa amebandika orodha ya marufuku: birika la umeme, kibaniko cha mkate, hita. Akazima swichi kuu. Taa zikapepesa, mashine ikaendelea. Pampu ikaamka. Dakika kumi. Kumi na nane! Nilitaka kumbusu mzee wangu mbele ya nesi, nakiri.

Kisha mke wa Colin, Ngaire, akaingia kwa mlango wa nyuma na sahani ya skonzi za jibini. Akasikia mgeni sebuleni, akaona hakuna chai. Huku kwetu mtu hafikirii mara mbili. Akachomeka birika.

Taa zote zikazimika. Mashine ikalia kama mtoto aliyebanwa kidole. Ngaire, birika mkononi, akauliza kama umeme umekatika.

Losa hakucheka, nikamshukuru moyoni. "Bibi Noeline, mfumo umefanya kazi," akasema. "Lakini na hili lazima niliandike." Uamuzi wake: umeme ukikatika kweli mara ya kwanza, ndipo tutajua. Mfumo ukishika, nabaki. Tukishindwa, anakuja kunichukua. Alikula skonzi mbili, akaondoka kabla barabara haijaganda.

Jumatano, 17 Juni

Ewen amekata waya wa birika kwa koleo. Birika langu! Sisemi naye.

Alhamisi, 25 Juni

Theluji tangu alfajiri. Umeme umekatika saa tano na dakika kumi, mimi nikiwa kwenye mashine, sindano mbili mkono wa kushoto. Naandika kwa wa kulia. Mashine haikusita hata kidogo! Nikamwita Ewen aje aone kazi yake. Alikuwa keshatoka kwenda kuwasha jenereta ya pampu.

Saa sita. Mashine inalalamika, maji yanakuja kidogo. Bomba la kisimani linaganda. Ewen anachukua ndoo ya maji moto kutoka jiko la kuni, anashuka, anamwagia bomba, anarudi kuchukua nyingine. Kila ndoo inanipa kama dakika tano. Nimebakiza saa mbili na nusu.

Saa sita na nusu. Ndoo ya saba. Nimempigia Colin — mti umelala barabarani, hawezi kupita. Ewen ana miaka sabini na tatu. Mwanzo alitembea wima, sasa anashika uzio. Nikamwambia aache, nikatishe, nijitoe.

"Kaa hivyo hivyo, Noeline. Si unaona inafanya kazi?"

Inafanya kazi, ndiyo! Ndiyo maana nina hasira ya kulia. Amehesabu kila kitu katika nyumba hii, mpaka redio, na yeye mwenyewe hakujiandika popote.

Losa yuko kwenye simu. Amesikia huku umeme hakuna. Anauliza kama mfumo umeshika. Nimesema umeshika. Basi, anasema kwa furaha, niandike kwamba unabaki nyumbani?

Dirishani namwona Ewen. Amekaa kwenye theluji, ndoo ya nane pembeni yake, bado imejaa, inatoa mvuke. Ananipungia mkono nisisimame.

Losa anauliza kama nipo. Nimemwambia asiandike bado, wala asikate simu.