Shikamoo Kabla ya Filimbi

Jumanne, 3 Septemba

Mazoezi saa kumi na moja jioni. Tumefika sita kati ya tisa. Nimefunga bendeji gotini, nimekimbia, nimeifungua, nimeifunga tena. Asubuhi redioni walichambua ligi ya kikapu ya wanawake ya mkoa. Wametaja timu nne. Ligi ina timu tano. Sisi Kanga wa Nguvumali hatumo, kama tumeshazikwa. Mdogo kuliko wote kati yetu ana miaka thelathini na sita. Mimi arobaini na tatu. Fainali tatu nimecheza, zote tumefungwa. Nikilikosa kombe msimu huu basi tena, goti halina msimu mwingine.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimesahihisha madaftari ya darasa la kwanza mpaka macho yakakataa. Mazoezini sikwenda. Nimedanganya kuwa nina kikao.

Jumamosi, 7 Septemba

Tumeshinda! Mechi ya mwisho ya ligi, dhidi ya mabinti wa chuo, ambao fainali wameshaingia. Sasa na sisi tumo. Tutakutana nao tena Jumamosi ijayo.

Aliyepangwa kunikaba ni Rehema. Nilimfundisha kusoma, leo ananizidi kichwa kizima. Kabla ya filimbi akaja, akainama kidogo: "Shikamoo, mwalimu." Nikaitika marahaba bila kufikiri. Nimefunga kuliko wote. Miguu haipo lakini roho kwatu.

Jumapili, 8 Septemba

Nilijisifu mpaka Misa ilipoanza. Katikati ya mahubiri nikakumbuka: kila nilipokwenda kikapuni, Rehema alipisha. Wengine wote huwa anawabana hadi wanalia. Sikumshinda. Alinistahi tu. Nimeona aibu, na hasira juu yake.

Jumatano, 11 Septemba

Mwanaidi kaja na mbinu. Ni nahodha wetu, fundi cherehani, tumecheza pamoja miaka kumi na tisa. Naye ameona mabinti wote walivyokuwa wakitupisha. Anataka siku ya fainali tuwapitie mabinti mmoja mmoja, taratibu, tusimame mpaka kila mmoja atuamkie.

"Aliyekuamkia hakusukumi," kasema.

Wote wamecheka, na mimi nimecheka. Utu uzima dawa. Safari hii tunawanywesha wengine. Naitaka fainali hii kiasi kwamba sikupinga.

Jumamosi, 14 Septemba

Leo fainali.

Tuliwapitia. Wakatuamkia wote. Rehema alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Basi ikawa kama tulivyopanga: wanapisha, sisi tunafunga. Kocha wao anapiga kelele mpaka sauti inakauka. Robo ya tatu tunaongoza kwa alama nane.

Kisha Rehema akanigonga kwa bahati mbaya, nikaanguka. Mpira uko chini, hauna mwenyewe. Yeye akauacha, akaniinamia: "Pole mwalimu, nisamehe." Mwanaidi akauokota, akafunga. Watu wakacheka. Walikuwa wakimcheka yeye, na yeye alijua. Macho yalimjaa machozi.

Sikupanga kusema. Nilisema. "Marahaba imekwisha, Rehema. Nikabe."

Akanikaba. Mama yangu! Kiwiko mbavuni, mkono usoni, pumzi yake shingoni. Wenzake walipoona nao wakaacha kupisha. Alama zikayeyuka moja moja. Lakini hatukukaa tukingoja kuzikwa. Mwanaidi alitupa kutoka mbali, ukaingia. Nami nilimpita Rehema mara mbili, mara mbili kwa haki, nikafunga.

Sekunde za mwisho tuko nyuma kwa alama moja, mpira ninao mimi. Niliruka kadiri goti lilivyokubali. Rehema aliupiga ukatoka nje kabisa. Filimbi.

Jumatatu, 16 Septemba

Goti limevimba. Nimefundisha nikiwa nimekaa.

Jioni Mwanaidi alikuja. Hakutaka kiti wala chai. "Miaka kumi na tisa, shoga. Halafu unampa ruhusa." Alisimama kidogo, akaliangalia goti, akasema nilikande kwa maji ya moto yenye chumvi. Akaenda zake.

Nimelikanda. Najiambia sijutii, na ni uongo, najuta. Kombe nililiona kwa karibu mabinti walipolipitisha. La plastiki, limepakwa rangi ya dhahabu, mkono mmoja umelegea. Nililitaka hivyo hivyo.