Muzee wa Katoyi Alinisindikiza

Papa mupendwa,

Moshi wa samaki sambaza wanaochomwa hapa sokoni Kituku unakusalimia. Nakula huku mvua ikitukaribia kutoka ziwani. Jana, katika utafiti wetu wa wanaume waliopasuliwa tezi ya prostati, nilifika mtaa wa Katoyi kwa muzee mumoja wa Masisi. Nilimuuliza habari za mkojo wakati muke wa mutoto wake yuko pale pale, anatumiminia chai. Mimi mujinga, hayo yanasemwa mbele ya mukwe? Muzee akatazama chini. "Niko muzuri, mama." Nikaandika hivyo.

Nilipoaga, akanisindikiza polepole juu ya mawe ya volkano. Nyumba ilipopotea nyuma yetu, akasimama. "Mutoto wangu, mkojo unavuja tu. Hata misa nimeacha." Nikafuta nilichoandika, na kesho daktari atamwona.

Papa, nawe ulipasuliwa hivyo hivyo. Kila nikipiga, muke wa kaka ndiye anakushikia simu, na unajibu uko muzuri. Jumapili nitapita hapo nyumbani Bukavu. Nikiaga, unisindikize mpaka barabarani, hata mvua ikinyesha. Tutatembea polepole.

Binti yako anayekupenda,
Espérance